Cheti cha Ilagala

Bi Agnesi alisimulia kwa mara ya tatu, na hata mara ya tatu hakubadilisha neno. Inspekta Asnath Mbwambo alilipenda hilo. Anayebuni husahau, au hupamba. Mama huyu wa Ilagala hakuwa akifanya lolote kati ya hayo mawili.

"Alikuja jana saa kumi na moja jioni, na pikipiki. Kavaa koti jeupe la hospitali. Akanipa shikamoo vizuri. Akasema, 'Mama, natoka famasi ya Kigoma, nina shida na mgonjwa wenu wa kifafa.' Nikamwambia hapa hakuna mgonjwa, maana ndivyo mlivyonifundisha. Akacheka. Akasema, 'Usinifiche, mama. Anameza kabamazepini, miligramu mia mbili, asubuhi na jioni. Alipewa Jumatano. Dawa zile zina kasoro, kiwanda kimeamuru zirudi. Akimeza nyingine leo jioni tutamzika.'"

"Kabamazepini," Asnath alisema. "Alilitamka hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Miye hata jina nimelijulia kwake."

"Halafu?"

"Halafu Astérie akatoka ndani mwenyewe, kasikia dawa yake inatajwa. Kashika pakiti mkononi. Yule akazichukua zote, akasema waende mjini akapewe nyingine, na kabla giza halijaingia atakuwa amerudi. Nilijaribu kuwapigia. Mtandao ulikuwa umekata tangu mchana."

Asnath alikuwa akiandika kwa kasi. Saa yake ilionyesha saa tatu na dakika kumi, asubuhi ya Jumamosi. Jumatatu, saa tatu kamili, Astérie Manariyo alitakiwa kusimama mahakamani mjini Kigoma. Ni Mrundi aliyevuka ziwa mwaka 2015, wakati boti zilikuwa zikifika ufukweni zimejaa watu mpaka maji yanagusa ukingo. Boti aliyopanda yeye ilizidiwa katikati ya safari, na mwenye boti, Feliksi Bukuru, akaamuru baadhi ya abiria wasukumwe majini. Wengi walioona walikuwa wamekufa au wametawanyika. Aliyebaki na ujasiri wa kusema alikuwa Astérie. Asnath alimtoa kambini wiki tatu zilizopita kwa kibali, akamficha kwa Bi Agnesi. Waliojua walikuwa watu watatu: yeye mwenyewe, wakili wa serikali, na Koplo Leonardi, ambaye sasa alikuwa amesimama mlangoni akikagua alama za tairi.

"Alikuonyesha kitambulisho?" Asnath aliuliza.

"Alinionyesha cheti cha dawa. Ndani ya simu. Kusoma sijui, lakini mhuri niliutambua, ni wa zahanati ya masista wetu hapa. Na juu yake kulikuwa na kijuso cha manjano kinacheka mpaka machozi yanatoka. Nikajiuliza, hospitali gani hii inayocheka ugonjwa wa watu?"

Asnath aliacha kuandika. Akapigia mstari neno kijuso, mara mbili.

Ndani ya gari, Asnath hakumruhusu koplo kuwasha injini.

"Leonardi. Jumatano nani alifuata dawa?"

"Mimi, afande." Leonardi alikuwa Muha wa Simbo, miaka kumi na mmoja kazini, mtu asiyejibu zaidi ya alichoulizwa. "Masista walikuwa wameishiwa. Tabibu akaandika cheti, nikaenda nacho Mwanga mjini."

"Cheti kiko wapi?"

Alikitoa kwenye pochi. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, mhuri wa bluu, hakuna kijuso. Jina la mgonjwa lilikuwa limeandikwa kwa uangalifu, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha mkimbizi, mpaka kile kialama juu ya herufi e. Jina la dawa lilikuwa kama njia ya siafu.

"Kilitoka mkononi mwako kwenda kwa nani?"

"Kwa mfamasia peke yake. Dada mmoja, Melania Haule. Aliingia nacho nyuma kama dakika ishirini. Nilidhani anatafuta dawa."

"Nipe simu yako."

Leonardi aliitoa bila kuuliza. Asnath alipekua picha, akapekua zilizotumwa na zilizofutwa. Hakukuwa na cheti. Akamrudishia.

"Ningekuwa wewe ningeanza na mimi pia," Leonardi alisema.

"Basi picha imezaliwa ndani ya dakika hizo ishirini. Washa gari."

Waliingia Mwanga karibu saa tano. Duka la dawa lilikuwa na wateja saba na feni moja. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke wa miaka kama thelathini, miwani imemteremka puani, akimweleza mzee mmoja kwa nini hawezi kumuuzia nusu dozi. Asnath alingoja mpaka mzee akaondoka na dozi nzima. Kisha akaonyesha kitambulisho, akaomba daftari la dawa za cheti.

Jumatano, saa tano na nusu. Kabamazepini, vidonge sitini. Sahihi ya Melania, sahihi ya Leonardi.

"Unamfahamu Feliksi Bukuru?"

"Nimemsikia redioni. Yule wa boti."

"Mgonjwa wa cheti hiki unamfahamu?"

"Hapana. Alikuja huyu kaka."

Asnath akaweka cheti juu ya kaunta. "Ulikipiga picha?"

Melania alivua miwani. Angeweza kukataa, na Asnath alimpa nafasi ya kukataa, akihesabu kimoyomoyo. Hakufika tatu.

"Nilikipiga. Tazama mwandiko huo, afande. Ni kabamazepini au klopromazini? Moja inazuia kifafa. Nyingine ni ya wagonjwa wa akili, na mwenye kifafa inaweza kumwamshia. Nilimpigia tabibu mara nne, simu haiiti. Nikatuma picha kwenye kundi letu la WhatsApp la wafamasia. Walijibu kumi na moja ndani ya robo saa, wote wakasema kabamazepini. Ndipo nikatoa dawa."

"Kundi lina watu wangapi?"

"Mia moja arobaini na sita."

"Na jina la mgonjwa ulilifunika?"

"Sikulifunika." Alikitazama cheti. "Nilikuwa na haraka ya kutomkosea dawa. Nikamkosea hilo lingine. Amepatwa na nini?"

"Amechukuliwa. Na aliyemchukua alijua dawa, dozi, na siku."

Melania alishika ukingo wa kaunta. Mteja mmoja alikohoa, hakuna aliyemgeukia.

"Katika kundi lenu," Asnath alisema, "kuna anayependa kubandika vijuso kwenye picha? Cha manjano, kinacheka mpaka machozi?"

"Kwenye kundi hakuna. Ni la kazi." Melania akachomoa simu mfukoni kama mtu aliyeungua. "Lakini kuna Davis. Yumo kundini, na ana ukurasa wake."

Ukurasa wa Facebook uliitwa Dokta Dawa wa Ziwa. Kijana mwenye koti jeupe alitabasamu kwenye picha kubwa. Wafuasi elfu thelathini na moja. Kila Alhamisi alikuwa na mchezo wake, Soma Kama Unaweza: anaweka cheti chenye mwandiko mbaya, watu wanabahatisha dawa. Na pale, Alhamisi ya juzi, kilikuwapo cheti cha Ilagala, kimepigwa mstari mweusi kwenye jina na kijuso cha manjano pembeni.

Watu mia nne walikuwa wamekomenti. Mmoja alisema hiyo ni barua ya mapenzi. Mwingine alisema ni ramani ya kuingia kambini bila kuonekana. Asnath hakutabasamu. Alishuka taratibu, komenti moja baada ya nyingine, mpaka kidole chake kikasimama.

Mtu anayejiita Jembe la Ziwa aliuliza: Hiki cheti cha lini?

Davis akajibu: Cha jana mdau, bado kina joto.

Jembe la Ziwa: Mgonjwa alipata dawa kweli?

Davis: Alipata, mwenzangu alimpa hapa Kigoma.

Na jioni, jibu la mchezo kwa herufi kubwa: KABAMAZEPINI, miligramu 200, asubuhi na jioni. Hongera kwa walioshinda.

Asnath alifungua daftari lake na kulilaza kando ya simu. Dawa. Dozi. Siku. Mji. Mhuri wa Ilagala. Aliweka alama ya vema mbele ya kila moja. Yule mtu wa koti jeupe hakumwambia Bi Agnesi neno hata moja ambalo halikuwa kwenye ukurasa huu.

"Duka la Davis liko wapi?"

"Ujiji. Nakuja nanyi," Melania alisema, akimkabidhi mwenzake funguo za kabati. "Kuna mambo atawadanganya ninyi, mimi hawezi."

Nje ya duka la Davis kulikuwa na pikipiki nyekundu yenye matope. Ndani, koti jeupe lilining'inia msumarini. Leonardi alimtazama Asnath. Asnath alikuwa ameshaviona vyote viwili. Davis mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya taa ya mviringo, simu imesimamishwa kwenye mguu wa chuma, akipanga maboksi ya vitamini kwa ajili ya picha.

"Jana saa kumi na moja jioni ulikuwa wapi?" Asnath aliuliza hata kabla hajaketi.

"Hapa hapa, laivu. Nilikuwa nafundisha habari ya vidonda vya tumbo. Watu mia sita waliniona."

Leonardi aliitafuta video kwenye simu yake, akaiona, akaipeleka mbele, akairudisha nyuma. Saa moja na dakika tano bila kukatika. Alitikisa kichwa kidogo kumwambia Asnath kwamba ni kweli. Pikipiki na koti vilikuwa vya Davis tu, wala havikufika Ilagala.

"Ulipewa nini kwa cheti hiki?"

"Kupewa? Na nani?" Davis alikiona cheti, akamwona Melania nyuma ya askari, na tabasamu la kwenye picha likamtoka. "Mela, ule ulikuwa utani tu. Wadau wanapenda. Na jina nilifuta, afande. Angalia, nimefuta."

Asnath aliikuza ile picha kwa vidole viwili na kumsogezea. Mstari mweusi ulikuwa umepita katikati ya jina, lakini haukufika mwisho. Herufi nne zilikuwa zimebaki nje: riyo. Na juu ya mstari kilichomoza kile kialama cha e, cha majina ya Kirundi yaliyoandikwa kwa Kifaransa.

"Mwanamke," Asnath alisema. "Miaka thelathini na minne. Mrundi, jina linaishia riyo. Ana kifafa. Yuko Ilagala, kijiji kisicho na kambi, ambako nyumba yenye mgeni Mrundi huonyeshwa na mtoto yeyote. Kuna mtu alikuwa akimtafuta mwanamke huyo kwa wiki tatu, Davis. Ulimchorea njia. Alipouliza, ukamjibu."

"Sikujua."

"Huyu Jembe la Ziwa ni nani?"

"Simjui. Ni mfuasi tu. Wako elfu thelathini na..." Hakumaliza idadi. Simu iliyosimama kwenye mguu wa chuma ilikuwa imewaka, na jicho lake lilikuwa limekwenda huko kwa mazoea. Rangi ikamtoka. "Afande. Ni yeye."

Ujumbe ulikuwa wa dakika moja iliyopita. Saa saba na dakika nne mchana.

dokta msaada. mtu wa kabamazepini akikosa dozi mbili akaanza kutetemeka na kutoa povu anapewa nini

Waliusoma wote wanne. Kisha wote walisema kwa pamoja. Leonardi alitaka namba. Davis alitaka kujua kama amwambie aje hapa. Asnath aliinua mkono, wakanyamaza.

"Yuko hai," alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kutaka. "Yuko hai, na hawa watu wameishika simu. Davis, muulize yuko wapi."

"Hapana," Melania alisema. "Kwanza mwambie amlaze ubavu."

"Dada Melania, nikimpoteza huyu mtu sasa..."

"Akimtia kijiko mdomoni atamvunja meno au atamziba pumzi, na wengi hufanya hivyo. Hilo haliwezi kungoja, afande. Sisi tumeulizwa swali la mgonjwa. Tujibu hilo kwanza. Hayo mengine yafuate."

Asnath aliitazama saa. Katika mafunzo yake hakuna aliyewahi kumwambia amjibu mtekaji kabla ya kumuuliza. Akatikisa kichwa kukubali.

Vidole vya Davis vilikuwa vikiruka herufi, kwa hiyo Melania alisema na yeye akaandika, neno kwa neno, bila kijuso hata kimoja. Mlaze ubavu. Usimtie kitu mdomoni. Usimshike kwa nguvu. Ondoa vitu vigumu karibu na kichwa. Tazama saa, niambie hizo degedege zinachukua dakika ngapi.

Alama ya kusomwa ikatokea. Amesoma.

Walisimama wanne kuizunguka simu moja. Nje mtu alikuwa akinadi dagaa. Asnath alijikuta amekunja ngumi, akazikunjua.

imeacha. dk 3 hivi. amelala anakoroma

Melania aliegemea kabati la dawa na kufumba macho, mara moja tu. "Hilo ni zuri. Kulala baada ya pale ni kawaida. Lakini asipopata dawa degedege zitarudi, na zikifuatana bila yeye kuamka, zinaua."

"Sasa muulize yuko wapi," Davis alisema. "Nimwandikie, 'Uko wapi kiongozi?'"

"Mtu anayejificha ukimuuliza yuko wapi anazima simu," Asnath alisema. "Melania. Mfamasia wa kweli, mtu akimwomba dawa kwa ujumbe, anauliza nini?"

Melania alifikiri. "Hatoi dawa kwa ujumbe. Anamwelekeza dukani, aonane na mtu. Na hii haiko kila duka." Alimgeukia Davis. "Mwandikie: Lazima apate dawa leo. Najua sehemu tatu zenye nayo: Mwanga, Ujiji, na Simbo kwa Skolastika karibu na gulio. Ipi ni karibu nawe, nimpigie akuwekee?"

Asnath alimtazama mwanamke huyu wa miwani kwa heshima mpya. Mtego ulikuwa umekaa ndani ya ushauri wenyewe, na ushauri ulikuwa wa kweli.

Dakika moja. Mbili. Alama ya kusomwa ilikuwapo, jibu hakuna. Dakika ya nne, neno moja.

simbo

"Nyumbani," alisema Leonardi, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Walifika Simbo saa nane na robo, gari wakaliacha shuleni na kutembea kwa mguu. Skolastika, mwenye duka la dawa la kijiji, alikuwa ameshapigiwa na Leonardi. Hakuuliza maswali mengi, akampisha Melania kaunta. Melania alikuwa amekuja na vidonge kutoka kabati la Davis, vya kweli, tarehe haijapita. Asnath alivua kofia na shati la juu, akajifunga kanga ya Skolastika, akaketi kwenye benchi akimpakata mtoto wa jirani mwenye mafua. Leonardi, ambaye kijiji kizima kinamjua kwa jina la babu yake, alijificha chumba cha nyuma pamoja na Davis na simu.

Saa tisa kasoro dakika tano pikipiki ilisimama nje. Mwanamume wa miaka kama ishirini na minane aliingia, jasho limemlowesha mgongo, akatazama kila pembe. Alimwona mama na mtoto. Alimwona mwuza dawa.

"Dokta Dawa alisema ameniwekea."

"Ndiyo, kaka. Karibu." Sauti ya Melania ilikuwa ile ile aliyoitumia kwa mzee wa nusu dozi. "Mgonjwa ana umri gani?"

"Mtu mzima. Nipe tu, dada, nina haraka."

"Nitakupa. Ameamka?"

"Anafumbua macho, anafumba."

"Ana mimba?"

Kijana alisita. "Sijui."

"Wewe ni nani yake?"

"Kaka yake."

Melania alihesabu vidonge bila kuinua uso. "Mwangalie vizuri mtu wako. Akiamka kabisa, anajua jina lake, ndipo umpe kimoja na maji. Kabla ya hapo kitampalia. Degedege zikianza tena zikapita dakika tano, au zikifuatana, usingoje mtu, mpeleke hospitali."

Aliipokea bahasha. Hakuondoka. Alikuwa akiisugua kwa kidole gumba.

"Atakufa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Akipata dawa yake, hapana."

Alitoka karibu mbio. Asnath alishamrudisha mtoto kwa mama yake. Nyuma ya duka zilikuwa zikingoja bodaboda mbili za binamu za Leonardi, zimefungwa madumu matupu ya mawese kama za kila siku, na askari wanne kutoka mjini walikuwa njia panda. Waliacha vumbi lake lipige kona, kisha wakalifuata.

Barabara iliingia kwenye michikichi, ikawa njia, ikawa kijia. Leonardi aliongoza bila kuongeza moto, maana alijua kila kijia kinakoishia. Alipunguza mwendo, akanyoosha kidole: kibanda cha kukamulia mawese, kilichofungwa tangu msimu uishe. Pikipiki ilikuwa imelazwa kwenye majani. Koti jeupe lilikuwa limetupwa juu ya mtungi wa mafuta, limeshika madoa mekundu.

Asnath aliingia kwanza, bastola chini.

Astérie alikuwa ameketi juu ya magunia, amelegea, mgongo wake umeegemea kifua cha yule kijana. Kijana alikuwa amemshikia kikombe cha maji. Aliwaona askari mlangoni. Hakukimbia.

"Ngojeni ameze," alisema.

Asnath alingoja. Astérie alimeza, akakohoa, akafumbua macho. Ndipo Leonardi akamtoa Astérie mikononi mwa kijana, akamfunga kijana pingu.

"Jina lako?"

"Nathaniel." Kisha, kwa kuwa Asnath aliendelea kumtazama: "Nathaniel Bukuru. Feliksi ni kaka yangu. Waliniambia nimkalishe tu mpaka kesi iahirishwe. Dawa zake nilizitupa njiani, na mambo ya ugonjwa hawakuniambia nini cha kufanya."

"Waliokuambia wako wapi?"

"Wanakuja saa kumi na mbili. Kumvusha ziwa."

Asnath aliitazama saa yake, halafu wale askari wanne waliokuwa wakifika kwa miguu kati ya michikichi. Ilikuwa saa kumi kasoro robo. "Basi iacheni hiyo pikipiki pale pale ilipo," alisema. Jua lilipotua, wanaume wawili waliokuja na gari dogo la mizigo walikuwa wamekaa chini pamoja na Nathaniel, mikono nyuma. Mmoja alikuwa nahodha wa boti ile ya mwaka 2015, aliyetafutwa miezi ishirini.

Leonardi alikuwa ameshampeleka Astérie hospitali. Njiani alizungumza naye Kirundi, polepole, na yeye alijibu "ego, ego", ndiyo, ndiyo, mpaka lugha ikamrudia yote.

Jumapili baada ya ibada Melania alifika wodini. Asnath alikuwa ameketi kando ya kitanda akiandika maelezo. Melania hakuleta matunda wala maua. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Amahoro," alisema, salamu ya amani, neno pekee la Kirundi alilojua. "Mimi ni mfamasia wa Mwanga. Mimi ndiye niliyekipiga picha cheti chako nikakituma kwa watu."

Astérie alimgeukia. Alikuwa mwembamba, na ulimi wake ulikuwa umevimba pale alipojiuma, kwa hiyo alisema pole pole.

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Jina la dawa."

"Ulilipata?"

"Nililipata."

"Na langu ukaliacha wazi."

"Ndiyo. Ilitosha kuyafunika maneno mawili kwa kidole. Sikufanya. Jana nilimpa afande maelezo yangu, na kesho barua yangu itafika kwenye Baraza letu la wafamasia, kabla hawajasikia kwa mwingine. Sikuja kuomba uniseme vizuri. Nilitaka ulijue kutoka kwangu."

Asnath aliendelea kuandika, ingawa hakuwa na neno la kuandika. Davis naye alikuwa amekaa kituoni saa tatu nzima, akinakili komenti moja moja kwa ajili ya jalada. Ndipo akaruhusiwa kuufunga ukurasa, na aliufunga mwenyewe, bila kuaga wafuasi.

"Afande ameniambia," Astérie alisema, "kuna mtu alisema nilazwe ubavu kwanza, kabla ya polisi kuuliza."

Melania aliitazama meza ya dawa kando ya kitanda.

"Sijui nikuweke wapi," Astérie alisema. "Kaa kwanza. Nisomee hizi dawa walizonipa jana, maana kila mmoja ananiambia lake."

Melania alivuta kiti, akavaa miwani, akaanza na chupa ya kwanza.

Jumatatu, saa tatu kasoro dakika kumi, wakili wa serikali alimvuta Asnath pembeni kwenye ukumbi wa mahakama. Baada ya yote yaliyotokea, angeweza kuomba shahidi atoe ushahidi nyuma ya pazia, kwa namba, jina lisitajwe mbele ya watu wala magazetini. Hakimu angekubali. Asnath alimpelekea Astérie habari hiyo. Astérie alisikiliza mpaka mwisho, akaomba atafsiriwe tena kwa Kirundi ili awe na uhakika, kisha akakataa.

Feliksi Bukuru aliletwa, suti ya kijivu, macho mbele. Alipouona mlango wa mashahidi ukifunguliwa alimgeukia wakili wake haraka, na wakili wake akaanza kupekua karatasi.

Astérie alipanda kizimbani bila kushikwa mkono. Mkalimani alisimama kando yake. Hakimu alimuuliza jina.

"Naitwa Astérie Manariyo," alisema kwa Kiswahili, kabla mkalimani hajafungua kinywa. "Tulipanda watu arobaini na wawili. Waliosukumwa walikuwa tisa. Nitaanza na wale ninaowajua majina."

Karani alichukua ukurasa mpya.